Sufuria Ambayo Baba Hakuionja

Mtaani kwao, mtu akitaka kujua kama chakula cha mahali fulani kinalika, hakupoteza nauli kwenda kujaribu. Alikwenda kwa kinyozi, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri zamu, akamuuliza Mzee Saa.

Mzee Saa alikuwa mpishi mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alipika katika jiko la hospitali, na kwa muda wote huo toroli lake la chai halikuchelewa hata dakika moja. Manesi walirekebisha saa zao kwa mlio wa magurudumu yake, na jina likamganda hapo. Mwili ulistaafu, ulimi ukakataa. Asubuhi alinyolewa hata kama hana nywele za kunyoa, kisha akabaki pale benchini akitoa hukumu: kwa fulani nyama ngumu, kwa fulani mafuta ya juzi, kwa fulani usiende hata ukialikwa.

Ulipofunguliwa mgahawa wa Kwa Nahodha, benchi lilijaa pomoni. Nahodha hakuwa mtu wa kuulizwa ni nani. Aliongoza timu ya taifa miaka mingi mpaka goti likamsaliti, na hata vikongwe wasiojua mpira unachezwa na watu wangapi waliijua sura yake, maana ilikuwa kwenye maboksi ya sabuni. Basi watu walitaka kujua: inafaa kwenda, au ni kwenda kupigwa picha na kurudi na njaa yako?

Mzee Saa hakumung'unya maneno.

"Mimi nimekaanga maisha yangu yote," alisema, "na hakuna aliyewahi kuniita uwanjani nikapige penalti. Sasa yeye kilichompeleka jikoni ni nini?"

Benchi lilicheka mpaka likalia misumari. Naye akaendelea kupasua: kwamba jina halishibishi, kwamba migahawa ya watu maarufu yote ni baba mmoja mama mmoja, ukutani kila kitu kipo na sahanini kuna jani. Kwamba utalipa, utatabasamu, halafu utarudi kwako ukachemshe viazi.

Kilichoyafanya maneno hayo yawe na ncha ni kwamba mpishi mkuu wa Kwa Nahodha alikuwa binti yake wa kumzaa. Benchi zima lilijua. Kinyozi akawa anapuliza mashine yake kana kwamba haijawahi kuwa na vumbi kama siku hiyo.

Binti huyo jikoni walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko yote, na kuna asubuhi lilikuwa neno lake pekee. Ukimwambia moto umezidi, taratibu. Ukimwambia wateja wanapiga kelele, taratibu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mbele ya watu asiowajua macho yake hayakupanda juu ya vifungo vya shati.

Aliingia jiko la hospitali akiwa na miaka kumi na tisa, nyuma ya baba yake kama kifaranga. Mzee Saa hakutaka watu waseme amempendelea mwanawe, kwa hiyo alimpa kazi ambayo hakuna mpishi aliyeitaka: sufuria ya wasiokula chumvi. Kila hospitali ina wagonjwa wa presha na wa figo ambao daktari amewakataza chumvi, na chakula chao hupikwa mbali na cha wenzao. Pale kilipikwa jioni, pembeni karibu na karo, katika sufuria iliyobonyea ubavuni.

Mzee Saa alikuwa na desturi ya kuzunguka jiko zima na kijiko chake kabla chakula hakijatoka. Alionja uji, akaonja maharage, akaonja mchuzi, na kila sufuria ikapata neno moja kati ya matatu: ongeza, punguza, au mwaga. Hapakuwa na chungu wala kikaango kilichotoka bila kuonjwa. Isipokuwa ile ya pembeni. Akiifikia aliipita kama mtu anayempita jirani waliyekosana naye.

"Hicho si chakula, ni dawa," alikuwa akisema. "Na dawa haionjwi."

Miaka saba aliipita hivyo.

Mwaka wa kwanza Mzee Saa hakukosea sana kuipita. Bibi mmoja mgonjwa wa figo alimwita Taratibu kitandani, akamshika mkono kwa upole, akamuuliza: "Mjukuu wangu, hii supu uliipika na maharage, au ulipita nayo tu karibu na yalipo?" Taratibu alirudi jikoni uso unawaka. Hakulia. Alianza kutafuta. Aliyenyimwa chumvi hutafuta ladha alikoificha Mungu, na yeye aliitafuta kwenye moto, kwenye mifupa, kwenye maganda, kwenye kungoja. Mwaka wa pili mabakuli ya wasiokula chumvi yakaanza kurudi matupu. Mwaka wa tatu wagonjwa waliovunjika miguu tu, wazima kabisa wa damu, wakaanza kuwaambia manesi kwamba nao wanahisi presha.

Nahodha alilazwa pale wiki sita na goti lake, na kwa kuwa damu yake ilikuwa inapanda, daktari akamkataza chumvi. Akaila supu ile kila jioni. Hakumjua mpishi, wala mpishi hakujua bakuli la kitanda cha mwisho lilikuwa la nani.

Baada ya kuacha mpira akarudi, safari hii kwa miguu yake, moja kwa moja hadi jikoni. Mzee Saa alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Wapishi wote walijipanga, naye akasogea mbele akijifuta mikono, kifua mbele, maana alijua mtu huyu amefuata nini. Nahodha alimpokea mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Nimemfuata aliyekuwa akipika supu ya jioni."

"Marahaba. Jiko hili ni langu," alijibu Mzee Saa. "Asubuhi langu, jioni langu."

"Ile isiyo na chumvi, mzee wangu."

Macho yote yaligeuka kwenda karibu na karo. Taratibu alikuwa na ufagio mkononi, na alitamani mfereji wa maji machafu umpokee.

Mzee Saa hakugomba. Alimwambia binti yake aende akapike kwenye mgahawa wa Nahodha, kazi nzuri haimsubiri mtu. Lakini tangu siku hiyo, nyumbani aliuliza habari za viatu vyake, za nauli, za kikohozi, na hakuuliza hata mara moja habari za sufuria. Wala chakula cha mkono wake hakuwahi kukila. Nyumbani jiko lilikuwa la mama, na mama alikuwa ameshasema kwamba ameolewa na mpishi na amezaa mpishi, lakini atakayegusa mwiko wake atalala nje.

Kwa hiyo Taratibu alikuwa na haja moja tu moyoni, na aliibeba kimya kimya kama yai. Hakutaka kusifiwa. Alitaka baba yake achukue kijiko kimoja, kimoja tu, kutoka kwenye sufuria yake, akitie kinywani.

Kwa Nahodha palikuwa zamani duka la samani. Palikuwa na madirisha makubwa, sakafu iliyong'aa, jezi ya Nahodha ndani ya kioo, na meza zenye namba kubwa kama za mgongoni mwa wachezaji. Meneja alikuwa binamu yake Nahodha, na wote walimwita Binamu, hata waliomzidi umri. Kabla ya hapo aliuza simu, na imani yake bado ilikuwa kwenye simu. Yeye ndiye aliyeamua kwamba kila Jumamosi Nahodha atapita meza kwa meza akipigwa picha. Jumamosi palikuwa hapatoshi. Watu walisimama mpaka nje, wakaagiza kila kitu, wakakishika kwenye mwanga, wakakigeuza, wakakipiga picha kwa juu na kwa ubavu, na kilipokuja kuliwa kilikuwa kimeshapoa.

"Leo tena wamekula kwa simu," alikuwa akisema mama wa vyombo, akikwangua wali mzima mzima kwenye ndoo.

Jumanne Nahodha hakuwepo. Walikuja watu kumi na watano, ishirini, kimya kimya, mafundi, walimu, mwanamke mmoja mwenye mapacha. Sahani zao zilirudi utadhani zimelambwa na paka.

"Mwanangu," mama wa vyombo alimwambia Taratibu siku moja, akimwonyesha sahani tupu kama mtu anayeonyesha barua, "mimi gazeti silijui, nasoma sahani. Jumamosi wanamfuata yeye. Jumanne wanakufuata wewe."

Taratibu aliinama akaendelea kumenya vitunguu. Lakini siku hiyo alikwenda nyumbani akitembea katikati ya njia, si pembeni kama kawaida yake.

Mgahawa ulipokaribia kutimiza mwaka, Binamu alitangaza karamu: Jumamosi, saa saba kamili mchana, chakula pamoja na Nahodha. Kila mfanyakazi alipewa kadi moja ya kualika wazazi. Taratibu aliipeleka nyumbani, na kwa kuwa kusema alishindwa, akaiweka mezani kando ya kikombe cha baba yake. Mzee Saa aliisoma mbele, akaisoma nyuma, kisha akaweka kikombe juu yake.

"Kadi nzuri," alisema. "Meza hailowani."

Mama alimtazama mumewe kwa muda ambao ungetosha kuivisha yai. Halafu akasema yeye atakwenda, ana gauni ambalo halijaona jua tangu harusi ya shangazi mtu, na asiyetaka kwenda abaki na kikombe chake.

Aliyempeleka Mzee Saa si mama. Ni kinyozi. Alikuwa ameweka wembe shingoni mwa mzee, na pengine ndiyo maana alipata ujasiri.

"Mzee, kule kwa Nahodha umeshakula?"

"Sijala, wala sili."

"Basi mwaka mzima umetutangazia mechi ambayo hukuitazama."

Benchi likaangua kicheko, na mara hii hawakucheka naye, walimcheka yeye. Mzee Saa alivumilia mengi maishani, moto, mvuke, madaktari, lakini kicheko cha benchi kilimwingia kama mwiba. Alisema vizuri, Jumamosi atakwenda, na kinyozi atakwenda naye awe shahidi, ili akirudi asiambiwe amesikia kwa watu.

Jumamosi Taratibu alifika jikoni kabla hata walinzi hawajabadilishana zamu. Alipika kuku wa mchuzi, wali, na supu yake ya maharage ambayo Nahodha alitaka iandikwe ya kwanza kwenye orodha. Kufika saa sita na nusu kila kitu kilikuwa tayari. Ukumbini hapakuwa na kiti kilichobaki. Mhudumu mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliingia akihema.

"Meza ya kumi na moja kuna mzee ananusa kijiko kikavu," alisema. "Amekinusa, amekitazama kwenye mwanga, amekifuta kwa leso yake. Huyo ni bwana afya, nakuapia."

Taratibu alichungulia kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. Mzee Saa alikuwa amevaa koti alilopewa siku ya kustaafu, mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Pembeni yake mama katika gauni lake, akitazama kila kitu kwa furaha, na kinyozi akihesabu taa. Moyo wa Taratibu uliruka kamba.

Saa saba ikafika. Nahodha hakufika.

Binamu aliingia jikoni simu mbili mikononi. Alisema kisitoke kitu. Nahodha yuko njiani, barabara imefungwa kwa ajali, na yeye anataka sahani zitoke Nahodha akiwa anaingia, simu zote hewani, picha moja ya kihistoria. Wasubiri. Akatoka.

Saa saba na robo. Saa saba na nusu. Asiyepika hajui, lakini chakula kilichoiva ni kama mtu aliyevaa akaambiwa safari imeahirishwa: kila dakika kinaharibika kidogo. Wali ulianza kushikana. Kuku alianza kunywa mchuzi wake mwenyewe. Supu ilivaa ngozi juu. Taratibu alichungulia tena, akamwona baba yake akivua saa ya mkononi, akiiweka mezani uso juu, kama mtu anayeweka kielelezo mbele ya hakimu.

Basi ilikuwa hivi. Chakula kikiendelea kungoja, kile kijiko kimoja alichokiomba mwaka mzima kingekuwa cha supu iliyokufa. Kikitoka, Binamu angemfukuza kabla jua halijapinda. Alisimama na upawa mkononi. Kisha akasikia mtoto analia. Ni mmoja wa wale mapacha, meza ya nne. Mzee mmoja wa meza ya sita alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiganja amefumba macho. Na Taratibu akakumbuka jambo alilofundishwa kabla hata ya kufundishwa kushika kisu: mwenye njaa hangojeshwi kwa ajili ya mkubwa. Daktari anaweza kuchelewa, chakula hakichelewi. Mara moja hospitalini daktari mkuu alisimama mlangoni mwa wodi na wanafunzi wake, anafundisha, na Mzee Saa akapitisha toroli katikati yao bila kupunguza mwendo.

"Tunapakua," alisema Taratibu.

Redio alikuwa wa kwanza kushtuka. "Dada, Binamu amesema..."

"Nimemsikia. Tunapakua."

Wahudumu waliangalia mlango, wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyegusa trei. Basi akapandisha mikono ya sweta lake, akapakua mwenyewe, mabakuli manane kwenye trei, akainua. Mama wa vyombo akakausha mikono kwenye kanga, akajaza trei ya pili.

Tangu mgahawa ufunguliwe Taratibu hakuwahi kuingia ukumbini watu wakiwemo. Aliweka macho kwenye supu, kwa sababu supu aliijua. Meza ya kumi na moja ilikuwa karibu kabisa na mlango wa jikoni. Aliipita. Alikwenda kwa mapacha, halafu kwa mzee wa meza ya sita, halafu kwa mwanamke mjamzito aliyekuwa anajipepea na orodha ya vyakula. Mama alifungua kinywa kumwita, na Mzee Saa akamgusa kiwiko.

"Mwache," alisema. "Anaanza na walio dhaifu. Ndivyo inavyotakiwa."

Binamu alimkuta katikati ya ukumbi, akamzibia njia, akamuuliza kwa sauti ya chini yenye meno ni nani aliyemtuma. Taratibu aliyainua macho yakavuka vifungo vya shati, yakafika usoni.

"Chakula kimeiva, kaka," alisema, na akampita.

Redio aliliona hilo. Alisema baadaye kwamba angeweza kukaa kimya juu ya mambo mengi, ingawa hajawahi kupata la kunyamazia, lakini alipoona Taratibu anampita meneja kama mtu anayepita nguzo ya umeme, mwili wake wenyewe ulikwenda kuchukua trei. Wenzake wakamfuata. Wali ukatoka, kuku akatoka. Ukumbi uliokuwa unanung'unika ukaanza kunyamaza, meza baada ya meza, ule unyamavu wa vinywa vilivyopata kazi. Simu zikawekwa chini. Mikono ya mtu ni miwili tu, mmoja una kijiko, mwingine una paja la kuku.

Meza ya kumi na moja ikawa ya mwisho. Aliweka bakuli la mama, la kinyozi, kisha la baba yake. Tone moja likamwagika mezani karibu na ile saa.

"Karibu baba."

Mzee Saa alikoroga mara moja. Akainua kijiko akakiacha kimwagike, kuona uzito. Akanusa. Akatia kinywani, akafumba macho. Taratibu aliujua uso ule kuliko uso wowote duniani. Miaka saba aliuona ukisimama juu ya sufuria za wengine, ukingoja ulimi uamue: ongeza, punguza, mwaga. Alisimama na trei tupu kifuani, akangoja neno lake.

Halikuja. Mzee Saa alifumbua macho, akachota tena. Akachota tena.

"Mzee," kinyozi alianza, "sasa ushahidi..."

"Nyamaza, mtu anakula."

Jikoni walikuwa wanamwita, sufuria ya pili inataka kupakuliwa, na Taratibu akaondoka bila hukumu yake.

Nahodha aliingia saa tisa kasoro, jasho linamtiririka, mguu mmoja unavuta. Aliomba radhi kuanzia mlangoni. Wachache walisimama na simu, lakini wengi hawakuwa na nafasi: mbele ya kidirisha cha jikoni kulikuwa na msururu wa watu na mabakuli yao wanataka ya pili, na Nahodha, asijue, akasimama katikati yake akipunga mkono. Mama mmoja mnene akamgonga begani kwa ukingo wa bakuli.

"Nahodha mwanangu, tunakupenda sana," alisema. "Sasa sogea, unaziba supu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Nahodha. Alisogea. Binamu akamvuta pembeni amshtakie, lakini alikuwa na sauti ya kuuzia simu, na meza zote za karibu zilisikia kesi: mpishi ameasi, picha ya kihistoria imeharibika, mwaka mzima wa maandalizi.

"Wamekula?" aliuliza Nahodha.

"Wamekula, lakini picha..."

"Kikiwa cha moto?"

"Cha moto, ndiyo."

"Sasa unanishtakia nini, ndugu yangu?"

Kinyozi aliona wakati ndio huu. Aliinama mezani akamkumbusha Mzee Saa kwamba Jumatatu benchi litauliza, na safari hii litamuuliza shahidi pia. Inafaa kuja hapa, au haifai? Watu wa meza ya kumi wakaacha kutafuna. Nahodha, aliyekuwa hatua mbili tu, naye akasimama kusikiliza.

Mzee Saa alijifuta mdomo kwa leso yake, pande zote mbili.

"Inafaa," alisema. "Ila waje siku mwenye mgahawa hayupo. Akiwepo anajaza watu, unakosa bakuli la tatu."

"Nimekubali, mzee wangu," alisema Nahodha. "Nitakuwa nachelewa kila wiki."

Lakini Mzee Saa alikuwa ameshainuka. Hakwenda mlango wa barabarani. Alikwenda wa jikoni.

Redio alimnong'oneza Taratibu kwamba bwana afya anaingia, aweke vifuniko. Taratibu hakuwa na haja ya kugeuka, alizijua hatua zile. Wapishi wote walisimama wima bila kuambiwa. Mzee Saa aliangalia majiko, akaangalia visu vilivyopangwa kwa ukubwa, akafika kwenye sufuria ya supu, akainama mpaka chini kabisa ambako palikuwa pamebaki supu ya vidole viwili.

"Chumvi umetia kiasi gani?"

"Nusu kijiko, baba. Mwishoni."

"Sufuria nzima?"

"Nzima."

Mfereji ulikuwa unadondoka tone moja moja, na mama wa vyombo akaufunga.

"Kila kitu mle jikoni nilikuwa naonja," alisema, na hakuwa anasema na mtu. "Kila kitu. Nikaipita hiyo." Kisha akamgeukia binti yake, na watu wa jiko lile hawakujua kwamba wanasikia neno ambalo mzee huyu hakuwahi kumwambia mpishi yeyote maishani mwake. "Unafanyaje?"

Taratibu alianza kwa sauti ya chini, lakini alianza. Anachukua kitunguu kizima na maganda yake, anakikata nusu, anakilaza kifudifudi juu ya chuma kikavu bila mafuta, anakiacha kiungue mpaka kiwe cheusi tii.

"Unaunguza kitunguu?"

"Naunguza, baba."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Mimi nimefukuza watu kazi kwa kuunguza kitunguu."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nakiunguza jana yake usiku, ukishakwenda nyumbani."

Redio alishindwa, akacheka wa kwanza. Halafu mama wa vyombo. Halafu Mzee Saa mwenyewe, kicheko kifupi kilichomtoka kama kikohozi, kikarudi, kikakaa, mpaka akashika ukingo wa meza. Alipokwisha kucheka alivua lile koti la kustaafu, akalitundika kwenye msumari pamoja na aproni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko kama daktari wa upasuaji.

"Nionyeshe," alisema.

Taratibu akawasha moto. Akachukua kitunguu kikubwa, akakipasua, akakilaza juu ya chuma, na huku kikianza kulia akawa anaeleza: moto usiwe mkali sana, usikiguse, usikigeuze kabla ya wakati, ukisikia harufu ya sukari bado, subiri inayofuata. Alieleza habari za mifupa inayochomwa kwanza, za nyanya zinazoachwa mpaka ziachane na maji yake. Wenzake walitazamana, maana kwa mwaka mzima hawakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Baba yake aliinamia chuma mikono nyuma, hakumkatiza, ila mara mbili alimwomba arudie.

Mama alitia kichwa kwenye kidirisha, mkoba tayari begani. Alisema wamemsubiri mlangoni mpaka wamechoka, kinyozi ana wateja wake, je, wanaondoka au hawaondoki?

"Tangulieni," alisema Mzee Saa bila kugeuka. "Bado hakijawa cheusi."